Mshono Ulioachiwa

Kitendawili. Sema "tega", usione haya, hata mtu mzima hutegewa.

Nilimtoa mgeni kwa jasho, nikamsindikiza mpaka nikamwona kisogo. Karudi bila hodi, kanikuta nimekaa, naye kakaa juu yangu. Nani huyo?

Wewe unasema homa. Homa haikai juu ya mtu, inakaa ndani. Mwenzako anasema mkwe. Mkwe hodi anapiga, tena ya nguvu. Umeshindwa? Kaa na mji wako, jibu nakupa bure. Mgeni huyo ni unene, na aliyerudiwa ni fundi cherehani mmoja aliyeitwa Mama Pindo, kwa kuwa hakuna aliyempita kwa kupinda pindo la gauni likakaa kama limezaliwa nalo.

Unene wake peke yake usingekuwa hadithi. Wanene wapo, wanakula, wanacheka, wanazikwa na majirani kama wengine. Lakini Mama Pindo alikuwa na mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, ambaye mpaka ukubwani watu walimwita Kitinda. Figo zote mbili za Kitinda zilikuwa zimekufa. Aliishi kwa mashine ya hospitali, ikimtoa damu, ikiisafisha, ikimrudishia, na kila akitoka pale anatembea kama nguo iliyokamuliwa. Ndugu walipopimwa, damu ya kaka yao ilikataa. Ya Mama Pindo ikakubali kama chungu na kifuniko chake.

Daktari akamtazama huyu dada juu mpaka chini. "Figo yako nzuri, mama. Tatizo ni mwili unaoizunguka. Nikikupasua kwa uzito huu, naweza kumponya mmoja nikamzika mwingine. Punguza, kisha uje."

Basi akapunguza. Chumba chake cha kushonea kilikuwa chini ya jengo la ghorofa, na ngazi za jengo lile akazifanya shamba lake. Asubuhi kabla ya kufungua kazi anapanda, jioni akishafunga anapanda. Mkate wa siagi akaupa kisogo, sukari akaipa talaka. Majirani wakawa wanafungua milango anapopita na kumpigia makofi. "Panda, mama, figo hiyo inapanda." Watoto wakimfuata nyuma kama vifaranga. Mwili ukamwachia kidogo kidogo, mpaka daktari akampa mkono na kumpa tarehe.

Asubuhi ya upasuaji, wote wawili wameshavalishwa yale magauni ya hospitali yasiyo na mgongo, Kitinda akapandwa na homa. Mapafu. Wakarudishwa vitandani, halafu nyumbani. "Mapafu yakipona tutawaita," wakaambiwa.

Safari ya kwanza mtu husindikizwa kwa ngoma. Ya pili hata kuku hakutazami. Mama Pindo alisema atapumzika wiki ile tu. Akapumzika na iliyofuata, ili ile ya kwanza isione upweke. Raba zake za mazoezi zikahamia mezani, zikawa vizito vya kukandamiza kitambaa wakati wa kukata. Mkate ukarudi, siagi ikaufuata, kwani hao hawaachani.

Sasa sikiliza kosa lake, maana ni kosa la fundi, mimi na wewe tusingeliweza. Mtu mwingine akinenepa, nguo humsema. Zipu hugoma, kifungo huruka mbele za watu, naye akajua. Lakini Mama Pindo alipopungua, magauni yake aliyabana bila kukata kitambaa kilichozidi. Alikikunja ndani ya mshono, kama marehemu mama yao alivyowafundisha, kwamba kitambaa kizima hakikatwi, hujui ya kesho. Kwa hiyo mwili uliporudi, kila gauni lilipoanza kumbana alikaa chini, akafumua mshono, akauachia upana wa ukucha, akashona tena huku anapiga soga. Gauni likanyamaza. Baada ya muda akaachia tena. Akawa anadanganywa na nguo, na mwongo wenyewe ni mkono wake.

Na Kitinda hakujua. Kaka yao ndiye aliyempeleka hospitali na kumrudisha, na kila Kitinda alipopitia kazini kwa dada yake alimkuta ameketi nyuma ya cherehani, shuka la mteja limejaa mapajani. Mtu akiketi nyuma ya cherehani, huoni ila mikono na uso.

Aliyeona yote alikuwa wifi yake Mama Pindo, dada wa mumewe, mwenye cherehani ya pili mle chumbani. Mwanamke mkavu wa mwili, mrefu wa ulimi.

Alasiri moja Kitinda akaingia, hatua fupi fupi, mkono mmoja kaukumbatia kifuani, ule ambao mishipa yake ilikuwa imetuna kwa sindano.

"Hodi wenye sindano."

"Karibu, wewe uliyebaki robo," wifi akasema bila kuacha kupiga pasi. Alikuwa na suruali ya mwalimu mmoja mezani. "Kila ukija umepungua. Siku moja utapita kwenye tundu la ufunguo."

"Nitapita, nitakukuta unasengenya."

"Utanikuta nakusengenya wewe. Kaa."

Kitinda hakukaa. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo Mama Pindo alikuwa hajaiona kwa muda mrefu, akaogopa kabla hajajua anaogopa nini.

"Dada, hospitali wamepiga simu. Mapafu yangu safi. Wanakutaka keshokutwa ukapimwe, na ukiwa vilevile, wanatupa tarehe."

Mguu wa Mama Pindo ulikuwa juu ya kikanyagio. Cherehani ikaenda, ikaenda, na kitambaa kilikwisha pita. Sindano ikawa inadona chuma kitupu.

"Mungu mkubwa," akasema.

"Mungu mkubwa tu? Simama nikukumbatie basi."

"Nina kazi ya watu hapa, mdogo wangu."

"Itangoja. Simama, dada."

Pasi ya wifi ikapunguza mwendo. Mama Pindo akaliweka shuka kando, akashika ukingo wa meza, akasimama. Gauni alilovaa lilikuwa la bluu, pana, limekaa vizuri, hata pale kifuani halikuvuta. Kitinda akamjia, akamzungushia mikono. Siku zile za furaha, dada alipokuwa amepungua, mikono ile ilikuwa ikikutana mgongoni na kubaki. Sasa ikatafutana, isionane. Ikashuka ubavuni, ikatulia.

Vidole vya Kitinda vilikuwa vya mtoto wa fundi. Mama yao aliwafundisha wote wawili kabla hawajajua kusoma, kwa kuwafumba macho na kuwapa nguo waipapase: huu mshono wa nini, huu wa mkono au wa mashine. Vidole vikakuta tuta. Akajitoa kifuani mwa dada yake, akainama, akageuza ukingo wa mshono dirishani kwenye mwanga.

Mshono ukifumuliwa hauondoki wote. Matundu ya sindano hubaki, mstari mwembamba kama nyayo za sisimizi, na rangi ya kitambaa pale huwa mbichi kuliko kwingine. Kitinda aliona mstari wa kwanza. Akaona wa pili. Akaendelea kutazama, kidole kikitembea.

"Hapa umeachia," akasema polepole. "Na hapa. Na hapa tena. Na kitambaa kilipokwisha ukatia kikwapa, kipande kipya chini ya mkono, ukakitafutia rangi ifanane." Akainua macho. "Umekitia vizuri. Nisingekuwa mtoto wa mama nisingejua."

"Nilitaka kukwambia."

"Wifi, ulijua?"

"Mimi nina macho tu," wifi akasema. "Mdomo sina."

"Wewe huna mdomo?"

Wifi akainamia suruali yake. Hakuna aliyecheka.

Kitinda akaachia ukingo wa gauni. Akaunyoosha kwa kiganja, kama unavyomnyooshea mtoto nguo kabla hajatoka. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha dada yake, maana huyu tangu utotoni akikasirika nyumba nzima hujua.

"Mimi maji nanywa kwa kupimiwa. Nikizidisha fundo moja navimba macho. Chumvi nimeisahau. Sikusemi, dada, njaa naijua, uvivu naujua, nimeshakuwa mvivu na mimi. Lakini mtu hafumui mshono mara zote hizi bila kujua anafumua nini. Nataka kujua jambo moja. Unataka kunipa, au hutaki?"

Mama Pindo akafungua kinywa. Maneno aliyaona yamepanga foleni, "nataka, mdogo wangu, nataka sana," maneno mazuri, ya kumfaa dada mkubwa. Hakuna hata moja lililotoka. Harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Suruali ya mwalimu ilikuwa imeshika alama ya pasi, na wifi mwenyewe amesimama juu yake kama mtu wa picha.

Kitinda alingoja. Akangoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa kama jibu. Kisha akachukua mkoba wake.

"Keshokutwa na mimi niko kwenye mashine, asubuhi hiyohiyo," akasema. "Unajua chumba."

Akatoka. Wakasikia hatua zake fupi fupi mpaka barabarani.

Asubuhi iliyofuata Mama Pindo alizitoa raba mezani, akazikung'uta uzi na vumbi la chaki, akazivaa. Akazivamia ngazi kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Ghorofa ya kwanza aliimaliza kwa hasira. Ya pili kwa aibu. Kabla ya kufika ya tatu moyo ukaanza kumpiga masikioni, macho yakaona vimulimuli, magoti yakamkana. Akakaa palepale ngazini, mkono ukutani, akihema kama mvukuto.

Wifi ndiye aliyemkuta. Alikuja akiwa na ufunguo wa chumba mkononi, akapanda taratibu, akasimama ngazi moja chini yake.

"Unakufa au unapumzika?"

"Kesho nitapimwa," Mama Pindo akasema kati ya pumzi na pumzi. "Leo sili. Sinywi hata maji. Nitavaa koti, nijifunge kitambaa tumboni."

"Unataka kuidanganya mizani? Mizani haina wifi, haimwonei mtu aibu. Na ukianguka hapa tutakuwa na wagonjwa wawili na figo hamna." Akakuna kichwa kwa ufunguo. "Mara ya kwanza uliwezaje?"

"Watu walikuwa wananipigia makofi."

"Ni hilo tu?" Wifi akatia ufunguo mfukoni, akaanza kupiga makofi. Pa. Pa. Pa. Ngazini sauti ikapanda mpaka paani na kurudi, kavu, kama mtu anayefukuza ndege. Mlango mmoja ukafunguliwa, ukafungwa. Mama Pindo akaziba uso.

Wifi akaacha. Akakaa karibu naye, ubavu kwa ubavu, akabanwa ukutani lakini hakusema neno la kejeli.

"Hayasaidii," akasema.

"Hayasaidii."

"Nilijua. Nikwambie nililoliona? Nimekaa na wewe chumba kimoja, unakula mbele yangu. Nimeona watu wenye njaa, nimeona wenye uroho, mimi mwenyewe kwa karanga sijambo. Wewe hukula hivyo. Ulikuwa unakula kama mtu anayejenga ukuta. Tofali, udongo. Tofali, udongo. Hata utamu husikii." Akamgeukia. "Sasa kaa ufikiri, ukuta huo unamzuia nani asiingie. Mimi sitaki kujua. Mdomo sina."

Akashuka kwenda kufungua kazi, maana suruali ya mwalimu ilikuwa inadai maelezo.

Mama Pindo akabaki. Moyo ulipotulia akasimama, akapanda ghorofa iliyobakia mbele yake, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine. Hakuna mlango uliofunguliwa. Alipofika juu akashika chuma cha ngazi, na wazo alilokuwa akilikimbia miezi yote likamkuta amesimama. Akashuka nalo. Siku ile alikula, akanywa maji, akalala, na hakujifunga kitambaa chochote.

Hospitali, chumba cha vipimo kilikuwa kidogo, kitanda kimoja, viti viwili, mizani ya kusimamia karibu na dirisha. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamwambia Mama Pindo avue raba. Mama Pindo akavua, akapanda, akatazama ukuta. Alisikia muuguzi akivuta pumzi kwa pua.

"Shuka, mama."

Akashuka. Muuguzi akampima presha mara mbili, akatikisa kichwa mara zote mbili, akavuta kiti karibu.

"Sitakuficha. Umerudi ulikoanzia, na umepita kidogo. Kwa hali hii daktari hatashika kisu. Mdogo wako mashine inamshikilia, anaweza kungoja miezi, lakini mashine inachosha mwili, nawe unamwona. Hatungoji milele."

"Najua."

"Kuna jambo lingine namwambia kila anayetoa, na nakwambia wewe tukiwa wawili." Muuguzi akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Hakuna anayelazimishwa. Mtu akibadili moyo, hatumtangazi. Daktari huwaambia ndugu kwamba vipimo havikufaa, basi. Sababu haulizwi, haisemwi. Mtu anatoka hapa na heshima yake. Wako waliotoka hivyo, na sijamchukia hata mmoja. Ukitaka, sema, nami nitapeleka neno."

Mlango ule wa kujitoa ulikuwa umefunguliwa wazi, bila komeo, bila bawabu. Mama Pindo aliuona. Aliona hata atakavyopita: kaka yao atampa pole, majirani watasema masikini alijitahidi, na Kitinda hatakuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa daktari kasema. Mwili mzima ukamlegea kwa raha ya wazo lile, raha kama ya kuvua viatu vinavyobana. Na ndani ya raha hiyo akaisikia sauti ya Kitinda: unataka kunipa, au hutaki?

"Nipe muda kidogo," akasema.

"Chukua."

Akavaa raba, akatoka. Ukumbini watu walikuwa wamekaa kwenye viti virefu, kila mmoja na bahasha yake. Njia ya kushoto ilikwenda barabarani. Ya kulia ilikwenda chumba cha mashine. Alisimama pale mpaka mfagiaji akamzunguka kwa ufagio, akarudi, akamzunguka tena. "Mama, unapotea au unangoja?" mfagiaji akauliza. Mama Pindo akageuka kulia.

Kitinda alikuwa amelala kwenye kiti cha kuegemea, shuka hadi kifuani, mipira miwili myekundu ikitoka mkononi kwenda kwenye mashine inayonguruma chini kwa chini. Alimwona dada yake tangu mlangoni. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Alimtazama tu mpaka akafika, akavuta kiti, akaketi.

Mashine ikanguruma. Mama Pindo akaangalia damu ya mdogo wake ikienda na kurudi.

"Vipimo vimesemaje?" Kitinda akauliza. Aliuliza kwa upole, na Mama Pindo akajua kwamba anapewa njia hata hapa. Neno moja tu, vimekataa, na huyu atafumba macho na kusema haya dada, pole.

"Nimenenepa," akasema. "Hawawezi kunipasua sasa. Na muuguzi kaniambia nikitaka, watakudanganya kwa ajili yangu."

Kitinda akaliteremsha shuka kidogo kifuani.

"Siku ile ya kwanza, kabla hujapandwa na homa, alikuja daktari kijana na kalamu. Akaniambia nigeuke, akanichora ubavuni. Mstari, hapa mpaka hapa. Akaenda zake." Mama Pindo alionyesha kwa kidole. "Mimi maisha yangu yote nachora kwa chaki. Kilichochorwa kinakatwa, hakuna kingine. Nilipoambiwa umepata homa, mdogo wangu, nikasema ahsante Mungu. Nilisema. Wewe unahema kitanda cha pili, na mimi nashukuru. Nimekwenda nyumbani nimeusugua mstari ule mpaka ngozi ikachubuka. Halafu nikaanza kula. Kila nikinenepa, ile kalamu inasogea mbali. Sikujua kama nalijua, lakini nilikuwa nalijua."

Kitinda alikuwa amegeuza uso upande wa mashine. Machozi yalimshuka upande mmoja yakaingia sikioni, na mkono uliofungwa mipira haukuweza kuyafuta. Dada yake akayafuta kwa kiganja.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi naogopa. Ungeniambia tungeogopa pamoja."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa nini."

Kengele ndogo ikalia kwenye mashine ya jirani, muuguzi mmoja akapita, akabonyeza, akaondoka. Kitinda akarudisha uso. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalimtazama dada yake sawasawa, kama juzi dirishani.

"Yote hayo nimeyasikia," akasema. "Lakini hujanijibu."

Mama Pindo akaushika ule mkono mwembamba, chini ya mipira, pale ulipokuwa na joto. Alitafuta yale maneno mazuri ya dada mkubwa, asiyaone. Palikuwa na moja tu, nalo lilikuwa dogo.

"Nataka," akasema.